Mama Fomu na ukurasa uliosahaulika chini ya kifuniko

Saa moja na nusu asubuhi, dirisha la kibanda cha fotokopi linafunguliwa na foleni iliyojiegemeza ukutani inasimama sawasawa. Mwanamke wa miaka arobaini na minne anafuta kioo cha mashine kwa kitambaa kikavu. Anainua kifuniko, anachungulia, anakifunga. Kisha anakiinua tena.

"Juzi nisingechungulia, leo tusingekuwa na la kuongea," anasema bila kugeuka.

Kila mtu hapa mpakani anamwita Mama Fomu. Jina lake halisi ameomba lisiandikwe. "Andika hilo hilo. Wote wananijua hivyo, kwa hiyo hakuna atakayenijua," anasema, na anacheka peke yake. Kabla ya kukubali mazungumzo haya alikagua kitambulisho cha mwandishi mbele na nyuma, akakitoa kopi, na kopi akaifungia kwenye droo.

Kazi yake ni kuwajazia watu fomu za kuvusha mizigo. Ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Kwa fomu moja hutoza bei ya mayai mawili, na siku ikiwa njema hujaza arobaini na tano. Wateja wake wengi ni akina mama wenye mizigo midogo, vitunguu, mayai, viatu vya plastiki.

Tangu nchi ianze kujadili kama ijitoe kwenye Jumuiya ya biashara inayoiunganisha na majirani zake, foleni hii imekuwa na maneno mengi kuliko mizigo. Ijumaa hii tume ya kukusanya maoni inafika mpakani. Serikali imesema zaidi ya mara moja kwamba hakuna uamuzi wowote uliokwisha kufanyika. Mama Fomu alikuwa tayari kuamini. Sasa haamini hata saa ya ukutani.

Alizijua fomu akiwa binti wa miaka kumi na minne, kabla ya Jumuiya. Mama yake alikuwa akivusha vitunguu na hakujua kusoma. Karatasi zilikuwa nyingi, kila moja na dirisha lake, na kila dirisha na afisa wake aliyekwenda kula.

"Siku moja tulirudishwa mara tatu. Vitunguu vikaoza gunia zima. Mama hakulia, alikaa tu juu ya gunia. Mimi nikachukua zile karatasi nikaanza kuzisoma, maana nilikuwa na hasira na sikuwa na mtu wa kumpiga."

Jumuiya ilipokuja, mzigo mdogo ukapewa ukurasa mmoja tu. Mama yake aliuwahi ukurasa huo miaka miwili kabla ya kufariki. Mama Fomu anauzungumzia kama mtu anayetaja nyumba waliyojenga pamoja.

Ana tabia moja inayowachekesha wateja. Husoma fomu kuanzia chini. Katika mwaka wake wa pili kazini alijaza fomu arobaini za toleo lililokwisha kufutwa, kwa kuwa mabadiliko yote yalikuwa kwenye tarakimu ndogo chini ya ukurasa, pembeni. Wanawake arobaini walirudishwa siku hiyo, na wote walijua kibanda chake kilipo.

"Juu wanaandika wanachotaka usome. Tangu siku hiyo mimi naanzia chini," anasema.

Jumatatu asubuhi alifika bwana mmoja mwenye mkoba wa ngozi, viatu havina hata vumbi. Alitaka kopi sita za karatasi zake na akakataa kuhudumiwa. Aliingia ndani, akaendesha mashine mwenyewe huku amewapa watu mgongo. Akalipa, hakusubiri chenji, akaondoka.

Mama Fomu alipoinua kifuniko kumhudumia mteja aliyefuata, alichungulia, akakuta karatasi kwenye kioo. Yule bwana alikuwa amefanya kosa wanalolifanya wateja wote. Alibeba kopi, akaacha karatasi yenyewe.

Mama Fomu aliisoma kuanzia chini. "Toleo la kwanza. Kuanza kutumika tarehe mosi mwezi ujao." Pembeni, "Ukurasa wa 7 kati ya 7." Ilikuwa fomu ya kuvusha mzigo mdogo. Juu, mahali pa nembo ya Jumuiya, palikuwa patupu.

"Niliisoma mara ya pili," anasema. "Nikajiambia, kumbe Ijumaa tunaitwa kuulizwa kama tunataka chai, na sukari imeshakorogwa."

Robo saa baadaye bwana wa mkoba alirudi akihema. Mama Fomu akampa karatasi yake kwa mikono miwili, na shikamoo juu. Kopi ilikuwa imeshatoka.

Leo Jumatano foleni inabishana kama kawaida. Bi Mayai, mama mnene mwenye trei kumi na mbili, anapinga kujitoa. "Leo afisa akinizuia bila sababu, ipo ofisi ya Jumuiya nakwenda kushtaki. Tukitoka nitamshtaki kwa nani? Kwa huyo huyo afisa?"

Nyuma yake amesimama mzee mwembamba mwenye karakana ya sabuni mtaa wa pili. Wanamwita Mzee Sabuni. Yeye anataka nchi itoke, hata kesho.

"Sabuni ya majirani inaingia bila ushuru, inauzwa nusu ya bei yangu. Nilikuwa na wafanyakazi tisa, wamebaki wawili, na mmoja ni mke wangu. Hamlioni hilo?"

"Tunaliona, mzee," Mama Fomu anajibu kutoka dirishani. "Lakini nina swali. Wiki iliyopita ulinitania kwamba tukitoka nitakula vizuri, karatasi moja itakuwa saba. Mbona hukusema tano? Mbona hukusema kumi?"

Mzee anakohoa. Foleni nzima inamgeukia, hata Bi Mayai anaweka trei chini.

"Tuliitwa semina," anasema mwishowe. "Hotelini kule. Tukaonyeshwa karatasi, tukapangiwa viti vya mbele Ijumaa. Nilidhani na wewe umeitwa."

"Niitwe mimi? Mimi si ningeisoma?"

Watu wanacheka, mzee hacheki. "Sikununuliwa, mwanangu. Nauli tu. Na sabuni yangu inakufa kweli. Halafu serikali huandaa karatasi za kila hali, huenda ni maandalizi tu."

"Huenda," anasema Mama Fomu. "Basi waseme hivyo mbele za watu, na hiyo tarehe mosi waieleze."

Hesabu ya tumbo ingemtaka anyamaze. Kurasa saba zingemletea kazi mara saba, na majirani wameshaanza kumtazama kwa jicho hilo. Anakiri wazo hilo liliwahi kumpitia kichwani. "Kwa mwezi mmoja ningekula. Mwezi wa pili hakuna mama wa trei kumi na mbili atakayejaza kurasa saba. Ningebaki na mashine na kalamu."

Amekubali habari hii itoke kwa sharti moja, itoke Ijumaa yenyewe. Mkutano unaanza saa nne, na magazeti hufika hapa saa tano. Amepiga hesabu hiyo kwa makini, tume iwe imeshaketi kabla haijajua kwamba karatasi ilionekana.

Anayetaka kusema mbele ya tume lazima ajaze fomu na kuipeleka ofisi ya kata kabla ya leo jioni. Mchana, foleni ikiwa imekwisha, Mama Fomu anajaza ya kwake. Mkono ulioandikia maelfu ya watu unaandika jina lake mwenyewe kwenye mstari wa jina. Kwenye swali kama anaunga mkono au anapinga, anaacha wazi. Anashuka mpaka chini kabisa, kwenye kisanduku cha idadi ya viambatisho ambavyo msemaji atavileta mwenyewe siku ya mkutano, anaandika "1", na kuikoleza kwa kalamu mara mbili.