Siku Mzee Mkorofi Alipoanza Kushukuru

Inatangazwa rasmi kwa wagonjwa wote, wanaouguza, na wanaoumwa siku za kazi tu: katika wodi ya upasuaji ya wanaume yupo muuguzi ambaye machozi yalimkauka zamani. Wodi nzima inamwita Sista Barafu. Akishafunika maiti, hunawa mikono na kumalizia chai yake iliyopoa. Mumewe akimuuliza kazi ilikuwaje, hujibu, "Ilikuwa." Mume keshazoea, humsogezea sahani.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala dereva mstaafu wa malori, kapasuliwa tumbo jana yake. Mdomo alikuwa nao! Asubuhi alimwambia Barafu kwamba anachoma sindano kama anashona gunia. Daktari naye akatukaniwa ukoo mzima. Barafu akaendelea na kazi kama hajasikia.

Saa ya kuona wagonjwa, watoto wa mzee wakajaa. Barafu akapita, akamwekea mto vizuri.

"Asante, mwanangu," mzee akasema kwa upole. "Samahani kwa usumbufu."

Binti yake mkubwa akatabasamu. "Mnaona? Baba leo katulia. Maombi yamejibiwa."

Barafu akasimama. Heshima hii mzee kaitoa wapi? Akamshika mkono: wa baridi, umelowa jasho. Mapigo mbiombio, membamba kama uzi. Bandeji kavu. Presha imeshuka kidogo tu, kiasi cha kumdanganya mwenye haraka.

"Mzee, hapa ni wapi?"

"Gereji."

"Dada, mwache baba alale, jamani," binti akasema.

"Huu si usingizi. Tokeni."

"Roho gani hiyo! Hata huruma huna?"

"Sina. Tokeni."

Akamlaza chali, akamwinua miguu, akamvisha oksijeni, akafungulia dripu ikimbie, akamwita daktari.

"Anavuja damu ndani. Mikono ya baridi, mapigo yanakimbia, na kaniomba samahani."

"Yule?" Daktari hakuuliza la pili.

Mzee akarudishwa chumba cha upasuaji, mshipa uliokuwa ukivuja ukafungwa. Barafu akaenda kutandika kitanda kingine. Alitafuta woga kifuani mwake kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni, akaukosa.

Kesho yake akaingia zamu akakuta ukoo umejipanga mstari kuzunguka kitanda, mzee katikati akilalamikia uji. Barafu akainama kuangalia mfuko wa mkojo. Damu ikipotea sana figo huweza kugoma, ndiyo maana mkojo wa mgonjwa kama huyu hupimwa wote, hata tone. Mfuko ulikuwa mtupu, msafi, unang'aa.

Mdogo wake mzee akakohoa, akavua kofia. "Binti yetu, jana tulikuita huna roho. Leo tunasema mbele ya watu: wewe ni malaika. Umetuachia baba, umetuachia babu. Hebu tupe neno moja tukawape wa nyumbani."

Barafu akainuka.

"Mkojo wake nani kaumwaga?"