Neno Nililolimeza Kalundu

Alhamisi ya kwanza ya Kwaresima mwaka huu tulimzika Faustin, mwigizaji wa michezo ya Kifaransa hapa Uvira. Siku hiyo nilipoteza mtu ambaye maneno yake yalipita kwanza mdomoni mwangu. Vijana wanaoanza théâtre, kuigiza jukwaani, wameniomba niandike kazi yetu ilivyokuwa. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, basi nitaandika nilichokiona.

Siku ya kwanza nilikwenda ukumbi wa parokia, Kimanga, kufagia. Abbé, padri aliyesimamia ukumbi, alinikuta nimeegemea ufagio, nasoma kwa sauti karatasi iliyosahauliwa jukwaani.

"Kumbe weye unasoma Kifaransa?"

"Ninasoma, Abbé, lakini yote sielewi."

"Inatosha. Faustin yeye anaelewa yote, lakini maneno inamukimbia."

Hivyo nikawa souffleuse. Huyo ni mtu anayekaa nyuma ya pazia na kitabu, akimnong'onezea mwigizaji neno la kwanza la sentensi iliyompotea. Neno moja tu. Ukimpa mawili, watu wa benchi la mbele watakusikia. Pazia letu halikufika chini, kwa hiyo Faustin nilimjua kwanza kwa miguu.

Mara ya kwanza kutoka mjini tulicheza Katogota, kwenye uwanja wa kuanikia mpunga. Faustin alikuwa baba anayeletewa habari kwamba mwanawe amezama. Alinyamaza. Nilingoja pumzi moja, mbili, tatu, nikadhani amesahau, nikampa neno. Mama mmoja wa mbele akapaza sauti: "Weye wa nyuma ya pazia, mwache muntu alie!" Uwanja mzima ukacheka, mchezo ukafa palepale.

Metteur, yule anayepanga mchezo na kutuongoza, alitaka kunifukuza. Faustin alimtuliza, akaja kuketi karibu nami juu ya magunia.

"Minye sikusahau. Uliniibia kimya yangu."

"Nitajuaje, kaka?"

"Angalia miguu. Kisigino kikiwa chini, ile iko kimya yangu, usiiguse. Kikiinuka, nimepotea. Njoo unichukue."

Zaidi ya miaka thelathini niliangalia visigino vyake. Nikisema kweli, majina ya michezo mengi yamenitoka. Nakumbuka vumbi likielea kwenye mwanga, upepo wa ziwa ukiingia chini ya pazia na kugusa vifundo vyangu, na Kifaransa kizuri kikipita kwangu polepole, kikienda kwake. Mara nyingine sikujua kama nimenong'ona au nimewaza tu, naye alikuwa ameshasema.

Alipozeeka, akaja réalisateur, mkuu wa kupiga filamu. Onyesho moja lilipigwa katika nyumba ya Kalundu, karibu na bandari: baba anafungua mlango, anamkuta mwanawe aliyepotea miaka mingi amesimama nje. Faustin alikuwa na neno moja. "Entre." Ingia.

"Madame," réalisateur aliniambia, "hapa micro inasikia hata inzi. Usifungue kinywa."

"Na akisahau?"

"Neno moja? Hata mbuzi wa mama yangu anakumbuka neno moja!"

Kamera ikaanza. Mlango ukafunguka, mwanga wa ziwa ukamfunika Faustin mpaka kiunoni. Akamtazama yule kijana. Kimya. Nikatazama chini, nikaona kisigino kinainuka.

Neno lilikuwa juu ya ulimi wangu. Nikalimeza. Macho yake yalitafuta pazia ambalo halikuwepo. Mwishowe alisogea pembeni, polepole, na kijana akaingia mwenyewe.

"Coupez! Kata!" Réalisateur alimkumbatia. "Mzee, kimya gani hii! Ulijifunzia wapi?"

Nje, karibu na mitumbwi, Faustin aliniuliza: "Uliona?"

"Niliona."

"Neema usimwambie."

Neema ni binti yake, aliyeishi naye. Sikumwambia. Baadaye Faustin akasahau ufunguo, kisha njia ya nyumbani, kisha jina la Neema mwenyewe. Nilikuwa nimeketi uani kwao siku Neema alipomgombeza: "Baba, acha théâtre yako hapa nyumbani!" Alidhani anaigiza. Nami nikanyamaza.

Baada ya mazishi filamu ilionyeshwa Kimanga, ukumbini kwetu. Watu walililia ile kimya. Sasa nimestaafu, maana souffleuse asiye na mwigizaji ni mwanamke anayejisemea. Vijana, nusu ya kazi yangu ilikuwa kunyamaza. Kalundu nilinyamaza kwa kazi. Pale uani nilinyamaza vibaya.

Jumapili iliyopita Neema alikuja kwangu. Alisimama mlangoni, viatu miguuni.

"Maman, ile kimya ya kwenye filamu. Baba alikuwa anawaza nini?"

"Alikuwa amesahau. Kisigino kilikuwa juu. Nilijua tangu siku ile, na siku ulipomgombeza nilijua. Aliniomba nisikuambie, nami nikakuacha hivyo."

Alishika mwimo wa mlango. Hakulia, hakunitukana.

"Alisahau neno gani?"

Nikampa, kwa sauti ileile ya kazi, neno moja tu.

"Entre."

Akavua viatu, akaingia.