Jani Tamu la Mama Mkwe

Mwaka tisini na mbili, muuguzi wa zahanati yetu ya Gikondo alimwambia mama mkwe wangu kwamba ana kisukari na lazima aachane na sukari. Mama mkwe alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akamwombea dua. Tulipofika nyumbani akaagiza chai. Vijiko vinne, kama kawaida. Babu zake walitoka pwani na marobota ya vitambaa, na kwao chai isiyo tamu hupewa mgeni ambaye hutaki arudi.

Mimi ndiye niliyejitwika kazi ya kumwokoa. Hakuna aliyeniomba.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Mmoja wa wateja wake alikuwa Mzungu wa mradi wa kilimo aliyezidi kukonda, na kila mara alileta suruali zipunguzwe kiuno. Aliposikia habari za mama, alituletea mche ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alisema asili yake ni Amerika Kusini, na kwamba jani lake linashinda sukari kwa utamu lakini halimdhuru mgonjwa. Nikatafuna jani moja pale pale dukani. Kweli, lilikuwa tamu. Nikarudi nyumbani nimelikumbatia kopo kama mtu aliyetoka kujifungua.

Mche ukashika nyuma ya jiko, ukachipua. Nikachuma majani, nikayaanika juu ya ungo, nikayatwanga, nikapata unga wa kijani. Sukari ya nyumba nzima nikaificha kwenye ndoo ya maharage. Asubuhi iliyofuata nikampa mama chai.

Akanywa funda moja. Akaangalia ukuta.

"Vipi, mama?"

"Utamu huu unachelewa kufika," akasema, "na ukishafika hauondoki. Kama wifi yako."

Wifi yangu ni binti yake wa kumzaa, kwa hiyo nikaenda kuosha vikombe.

Siku ya pili nikajaribu maandazi. Sikujua kwamba sukari haikai kwenye unga kwa ajili ya utamu peke yake. Unga niliouandaa jioni ulilala usingizi mzito hadi asubuhi, haukuumuka hata kidogo. Nilipoyatia maandazi kwenye mafuta, yalikataa kugeuka rangi. Niliyakaanga hadi yakawa magumu, nayo bado yamepauka. Mume wangu alikula mawili akasema yana afya. Mama mkwe aliligeuzageuza lake mkononi.

"Mwanangu, haya yamekaangwa au yamefuliwa?"

Sikukata tamaa. Nililitia jani lile kwenye uji, kwenye ndizi, hata kwenye maji ya limau. Majirani walipokuja niliwahutubia habari za sukari hadi wakaaga mapema. Mama alikunywa kila nilichompa, akilalamika, na kila siku baada ya sala ya alasiri alijifunga kitenge akaenda kumjulia hali jirani yetu aliyeumwa mguu. Jirani huyo alikuwa mama Mkatoliki aliyekulia Burundi. Mguu ule ulipona, mwenyewe akaanza kupanda hadi kanisani bila fimbo, lakini mama mkwe hakuacha kumjulia hali. Tena alirudi amechangamka sana.

Nikajua pa kumnasa. Alasiri moja niliweka maandazi yangu kwenye bakuli yawe kisingizio, nikaingia kwa jirani bila kubisha hodi vizuri. Nikawakuta wamekaa vitini, chupa ya chai katikati, na kando yake bakuli la sukari, limefunikwa kwa kisahani.

"Mama!" nikasema.

Jirani akaanza kucheka. "Onja, onja ya Mukecuru," akaniambia, akimwita mama mkwe bibi kizee kwa lugha yao. "Sukari iko hapa ya mimi. Yeye anakunywa hivi hivi, wiki ya tatu sasa. Hataki hata kidogo."

Nikaonja. Ilikuwa chai tupu, chungu, haina jani wala sukari.

"Sasa, mama, kwa nini nyumbani unalalamika?"

"Nyumbani nakunywa dawa yako," akasema. "Hapa nakunywa chai. Kuacha nimeacha mwenyewe. Ningekuambia, ungesema umenishinda."

Jirani akanimiminia kikombe ili nisiendelee kusimama mlangoni, akanisogezea bakuli la sukari. Nikatia vijiko viwili. Baada ya mwezi mzima wa majani, mkono haukungoja ruhusa yangu. Wote wawili walinitazama nikikoroga.

Tuliporudi zahanati, muuguzi alipima akakuta sukari imeshuka vizuri. Akauliza tumefanya nini. Nikafungua mdomo, lakini mama mkwe akanitangulia.

"Ni mkwe wangu huyu," akasema, akinishika bega. "Ana jani lake."

Muuguzi akaomba mche. Halafu dada yake, anayekaa Gisimenti, akaomba. Haikupita muda watu nisiowajua wakaanza kunigongea mlango na makopo yao, wakitaka jani lililomponya bibi wa Gikondo. Niliwakatia matawi, nikawaelekeza walitie kwenye chai asubuhi na jioni, kwa sauti ya mtu anayejua. Mama mkwe alikuwa akikaa barazani kusubiri waondoke, akiwaitikia salamu zao kwa heshima, kisha anajifunga kitenge na kuelekea kwa jirani.