Maji ya Alhamisi

Watu hupenda kuniuliza blogu imenifundisha nini. Huuliza wakiwa wameshatengeneza uso wa kupokea jibu zuri, jibu la kubandika ukutani. Basi ninawajibu. Imenifundisha kwamba watu hawasomi, na kwamba siku wakisoma, heri wangeacha.

Ninaishi Voi. Mimi ni karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi, na kwa miaka sita nimekuwa nikiandika blogu wakati wa chakula cha mchana, nimekaa juu ya mifuko ya saruji, feni ikinipulizia vumbi machoni. Nilianza kwa sababu nilichoka kuambiwa kwamba kwetu ni ndovu tu. Nikiandika juu ya kina mama wanaoshusha mboga kutoka Bura alfajiri, mtu ataandika chini yake, "Na ndovu je?" Nikiandika juu ya mazishi, mwingine ataniuliza treni ya Mombasa inapita saa ngapi. Kulikuwa na mtu mmoja wa Kishushe aliyenitumia picha ya shimo lile lile la barabara kila wiki, akiamini kwamba mimi ni serikali. Nilimjibu kwa upole kwamba sina greda. Akauliza basi ni nani analo.

Niliyavumilia hayo yote kwa sababu moja, na sioni haja ya kuificha: nilitaka sifa. Nilitaka mtu mmoja, hata mmoja tu, aniambie kwamba ninajua kuandika. Mungu hutoa haraka vitu tunavyoviomba vibaya.

Kwetu hasa ni Wusi, juu milimani. Huko mashamba ya mboga hunyweshwa kwa mfereji ambao hata babu zetu waliukuta umechimbwa. Mfereji ni mmoja na nyumba ni nyingi, kwa hiyo kila nyumba ina siku yake. Siku yako ikifika unakwenda penye tundu lako, unatoa tope na kipande cha mgomba kilichoziba, maji yanaingia kwako mpaka jioni, kisha unaziba. Hakuna daftari, hakuna kadi. Kila mtu anajua siku ya kila mtu, na asiyejua huyo si wa pale.

Mama yangu alikuwa na siku mbili. Jumatatu ilikuwa yake tangu alipoolewa. Alhamisi ilikuwa ya jirani yake, mjane aliyehamia Mombasa kwa binti yake miaka mingi iliyopita, akafia huko, tukamleta kumzika Wusi. Tangu siku aliyoondoka, Mama ndiye aliyefungua maji ya Alhamisi. Hakuna aliyeuliza. Ngazi ya juu ya shamba lake la mteremkoni ilinyweshwa kwa Jumatatu, na ngazi ya chini yote, yenye kabeji na vitunguu ambavyo ndivyo hasa vinavyomlisha na kumpa pesa ya sokoni, ilinyweshwa kwa Alhamisi.

Siku moja, nikiwa nimekosa cha kuandika, nikaandika hayo. Sikumuuliza mtu. Nilimchora Mama kwa maneno akiwa ameinama na jembe, maji yakimfuata nyuma kama mbuzi anayejua njia ya nyumbani. Nikasema kwamba anamshikia jirani yake ile Alhamisi mpaka leo, na kwamba huo ndio uaminifu wa watu wetu: maji ya mtu ni ya mtu hata akiwa kaburini. Sentensi hiyo niliipenda sana. Niliisoma mara tatu kabla sijaibonyeza iende.

Ikasomwa! Watu wa Nairobi waliisoma, watu wa Qatar waliisoma, mwanamke mmoja aliandika kwamba amelia ndani ya benki. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ndovu. Siku hiyo nilitembea mjini Voi kama bwana harusi.

Katika maoni hayo yote kulikuwa na moja kutoka kwa mtoto wa kiume wa yule mjane. Ni rika langu, tulikaa dawati moja shule ya msingi, siku hizi yuko Nairobi na sidhani kama ameshika jembe tangu tulipofanya mtihani wa mwisho. Aliandika, "Asante sana ndugu yangu. Sikujua hata kama nyumba yetu ina siku ya maji." Nami nikamwekea moyo mwekundu. Hebu fikiria. Mtu ananijulisha kwamba anakuja kuchukua maji ya mama yangu, nami ninamwekea moyo.

Baada ya majuma mawili nikapigiwa simu na mwenyekiti wa mfereji. Ni mwalimu mstaafu, na mpaka leo huongea na mtu akimtazama juu ya miwani, kama anayesahihisha daftari.

"Hongera!" akasema. "Leo tumekusoma kwa kikao."

"Kikao gani, Mwalimu?"

"Cha mfereji. Huyu kijana wa jirani yenu ametoka Nairobi na maandishi yako. Karatasi mbili, safi kabisa. Iko na muhuri."

Sijui ni ofisi gani iliyogonga muhuri kwenye blogu, wala muhuri huo ulikuwa unathibitisha nini. Kwamba nimeandika? Kwamba karatasi ni karatasi? Lakini kwetu karatasi yenye muhuri haina mpinzani, na aliyeileta alijua hivyo. Mwalimu aliisoma yote kwa sauti katika darasa la nne, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, Mama akiwa miongoni mwao.

"Kiswahili yako imenyooka," akaniambia. "Pale umesema maji ya mtu ni ya mtu hata akiwa kaburini, watu walipiga makofi."

"Na mkaamua nini?"

"Sasa tungeamua nini? Mtoto wa nyumba mwenyewe ameandika. Alhamisi imerudi kwa wenyewe. Ameshaipatia mtu wa kulima nyanya."

"Mama alisema nini?"

"Alisema, kama mwanangu ameandika, mpeni. Mama yako ni mtu ya amani sana."

Nilikata simu. Miaka sita ninaomba kusomwa, na siku niliyosomwa kwa sauti mbele ya hadhara, kwa makofi, nilikuwa ninamnyang'anya mama yangu maji.

Nikaifuta ile makala siku hiyo hiyo, jambo ambalo halikusaidia kitu, kwa sababu huwezi kufuta karatasi iliyo mikononi mwa mwalimu mstaafu. Wasomaji wakaanza kuniuliza imekwenda wapi. Nilipowaeleza kidogo, watu wanne wakanitumia methali ile ile, kwamba maji yakimwagika hayazoleki, kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza kuona jinsi inavyofaa. Hasira ikanipanda. Nikaandika makala mpya, ndefu, yenye moto, juu ya watu wanaokumbuka kwao wakisikia kuna cha kuchukua. Jina la yule mtoto wa mjane sikuliandika, lakini nilimchora kiasi kwamba hata mbwa wake angemtambua. Nilibakiza kitu kimoja tu: nilitaka maneno yenyewe ambayo yule mjane alimwambia Mama siku anaondoka, ili niyaweke mwanzoni. Ndiyo maana nikaenda kuuliza. Naomba mtu asinisifu kwa hilo. Sikuuliza kwa hekima, niliuliza kwa kutafuta risasi.

Jumamosi nikapanda Wusi. Nilimkuta Mama barazani anaambua maharagwe. Kule chini kabeji zilikuwa zimeanza kulegea majani. Nikamwambia nilichokuja kutafuta.

"Unaandika tena?" akauliza.

"Ninataka kurekebisha."

"Kwanza nisomee ile ya kwanza. Mimi niliisikia kwa Mwalimu, na Mwalimu akisoma anajisikiza mwenyewe."

Nilikuwa na nakala kwenye simu. Nikamsomea. Nilipofika pale pa kumshikia jirani, akainua mkono.

"Nani alikuambia namshikia?"

"Si kila mtu anajua?"

"Wewe hukuniuliza."

Kisha akanieleza, macho yakiwa kwenye maharagwe. "Huyo kijana akizaliwa, mamake alishikwa na ugonjwa, akalazwa hospitali miezi miwili. Wewe ulikuwa na mwezi mmoja. Wakaniletea mtoto. Nikamweka upande huu, wewe nikakuweka huu. Sasa ile siku mamake anaenda Mombasa, alinishika mkono pale kwa mfereji, akasema, mimi sina kitu ya kukupa, chukua Alhamisi, ni yako, si ya kunishikia. Tulikuwa sisi wawili tu."

Nilishindwa kukaa. "Na kwa nini hukusema hivyo kwa kikao?"

"Na yeye ameketi pale na suti yake? Nisimame niseme, wewe nilikunyonyesha, niachie maji?"

"Lakini ni kweli, Mama!"

"Ni kweli. Nilimpa akiwa na njaa. Siwezi kuanza kumdai leo."

Nilimkasirikia Mama, sitasema uongo. Nilimkasirikia kwa kunyamaza, nikamkasirikia Mwalimu kwa miwani yake, nikamkasirikia huyo ndugu yangu wa ziwa moja ambaye hata hajui. Wote hao nilipowamaliza nikabaki mimi. Nimeandika mambo ya watu miaka sita, nimewaambia wageni mama yangu anawaza nini akiwa ameinama shambani, na mwenyewe alikuwa umbali wa simu moja. Kuuliza si ujinga: tuliandikiwa hivyo ubaoni katika darasa lile lile la nne, nami nilinakili kwa mwandiko mzuri sana.

Ile makala ya moto niliifuta mbele yake. Aliniomba nimwonyeshe inavyofutwa, kisha akauliza kama nina hakika hakuna ambaye ameshaipiga muhuri.

Alhamisi ni ya nyanya sasa. Mimi hupanda Wusi kila Jumamosi, nikichota maji chemchemini kwa mitungi ya plastiki na kuyashusha mpaka ngazi ya chini, na kabeji zimekubali, shingo yangu ndiyo haijakubali. Blogu nayo imekuwa nzito kama ofisi ya ardhi. Siku hizi neno lolote kuhusu mtu halitoki kabla mwenyewe hajalisikia. Muuza mboga alinikatalia makala nzima kwa sababu nilisema amezeeka. Mama ndiye mbaya zaidi. Hukata sentensi nzuri tu, zile mbaya huziacha, na nikimuuliza sababu husema, "Hiyo ni ya kujionyesha."

Hii nayo nilimsomea Jumamosi iliyopita, nimekaa juu ya mtungi. Alisema kabeji hazikulegea hivyo, nimezidisha. Alisema Mwalimu atakasirika kwa ile miwani, lakini akacheka, kwa hiyo nimeiacha. Nilipokaribia maziwa nikanyamaza mwenyewe.

"Hapa nitatoa," nikasema. "Ni mambo yako."

Alimaliza kwanza ganda la maharagwe alilokuwa nalo mkononi.

"Iache. Ila usimwombe huyo kijana maji."

"Si ulisema hutaki kumdai?"

"Mimi sidai. Lakini hiyo si yangu peke yangu kukataza. Ilikuwa maziwa yako, ukapewa nusu miezi miwili." Akanitazama pale nilipokuwa nikijisugua shingo juu ya mtungi wangu. "Na hukulia hata siku moja. Hii kulalamika sijui ulijifunzia wapi."