Niliikata Sentensi Moja, Wifi Yangu Akakosa pa Kukimbilia

Ndugu msomaji, usinipe pole. Nimekosa, na kosa lenyewe nimemfanyia mtu yule yule mara mbili.

Miaka ile simu za kutumiana picha na nyimbo zilipoanza kuenea hapa Sumbawanga, nilipata kibarua cha kutengeneza habari za sauti na picha kwa tovuti moja. Nina rekoda, nina kompyuta, najiona mtu! Siku moja nikashuka Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika, nikamhoji mama mmoja anayeanika dagaa. Akanieleza kwa Kifipa jinsi mumewe alivyompiga miaka na miaka, naye akinyamaza kwa kuogopa wakwe.

Ofisi wakataka maneno yake yasomwe kwa Kiswahili. Asome nani? Nikamkumbuka wifi yangu, mke wa kaka yangu. Huyo ndiye msomaji wa masomo kanisani, sauti yake parokia nzima inaijua. Nikamwita chumbani kwangu, tukafunga dirisha kwa huu upepo wetu, tukajifunika blanketi ili sauti isipige mwangwi.

Akasoma. Alipofika kwenye kipigo akakwama. Akaendelea hadi mwisho huku machozi yakimtoka. Na mimi, mjinga, nikampigia makofi! "Wifi, wewe kiboko! Kumbe una kipaji cha kuigiza!"

Akafuta uso. "Lakini utasema si mimi, eti wifi?"

"Nitasema."

Na kweli nilirekodi sentensi hiyo, kwamba maneno ni ya mama mwingine, huyu anasoma tu. Nilipokaa kuhariri nikaona inapoza stori. Nikaikata. Jamani, kitu cha sekunde chache! Ofisi wakanisifu, nami nikavimba kichwa.

Watu wakarushiana ile sauti kwenye simu hadi ikafika sokoni. "Huyu si mke wa fulani? Kumbe anapigwa hivi!" Kaka yangu akanijia mbio. Akaniapia kwa kaburi la baba yetu kwamba hajawahi hata kumzaba kibao. Nikamwamini. Kaka yangu wa tumbo moja, nisipomwamini yeye nimwamini nani?

Mama akaitisha kikao cha familia. Baba yake wifi akapanda basi kutoka Namanyere. Nikaingia na kompyuta yangu, shikamoo huku, shikamoo kule, nikawasikilizisha sauti ya mama wa Kabwe mwanzo hadi mwisho. Wote pale Kifipa ndiyo lugha ya nyumbani, wakasikia wenyewe. "Mmesikia? Kosa ni langu, sikutangaza. Wifi alikuwa anasoma tu. Kaka yangu hajawahi kumgusa!"

Watu wakashusha pumzi. Mzee wa Namanyere akamwomba kaka yangu radhi, akamwamuru binti yake naye aombe, kwa kukubali kusoma maneno ya aibu bila kumwambia mumewe. Wifi akapiga magoti mbele yetu sote.

Nikamfuata jikoni, nimejaa furaha. "Wifi, yameisha."

Akageuka, akashusha khanga begani. Mungu wangu! Mgongo ule! Alama mpya juu ya alama za zamani.

"Siku ile nilikuwa nasubiri uniulize," akasema. "Ukanipigia makofi. Na leo umenijibia mbele ya wazee kabla sijafungua mdomo. Nikisema sasa, nani ataniamini?"

Nilitoka mbio kwenda kwa kaka yangu. Unajua alifanya nini? Alicheka! "Si umewaambia mwenyewe?" Yaani aliapa kwa kaburi la baba akijua nitamtetea, na mimi nikajipeleka mzima mzima na mashine yangu. Nililia kwa hasira siku hiyo. Kaka yangu aliniuza, lakini mimi nilikuwa nimeshamuuza wifi.

Haukupita mwezi wifi akakimbilia kwao. Baba yake akamrudisha kwa mumewe. Nikapanda basi hadi Namanyere, nikampigia magoti yule mzee, nikamwambia nilikosea, mwanao anapigwa kweli, alama nimeziona kwa macho yangu.

Mzee akaninyanyua. "Mwanangu, ile mashine yako tuliisikia wote," akasema. "Leo umekuja na mengine. Sasa unataka niamini lipi?"

Nilirudi na basi la jioni.

Wenzangu mnaohoji watu, nawaomba. Mkimwahidi mtu, timizeni, stori ipoe isipoe. Mtu asijibiwe jambo lake na mwingine wakati yeye mwenyewe yupo. Na akilia mbele ya rekoda yako, izime kwanza, umuulize analia nini. Mimi sikumuuliza, na wifi yangu yuko kwenye nyumba ile ile hadi leo.