Mwisho Ambao Sikuutazama

Mama mwenye duka la filamu mjini Voi alinitilia kwenye flashi yake tamthilia kongwe ya kutisha ya Waingereza, akacheka. "Mzee, hii haina hata rangi! Itakutisha nini?"

Utotoni tuliitazama kwa jirani, Mwatate, betri ya gari iliyowasha televisheni ikaisha kabla hatujajua kama mwanamke aliyefungiwa chumbani aliuawa. Msichana niliyeketi naye, baadaye mke wangu, alishikilia hadi alipofariki kwamba mwanamke yule alipona. Mimi nilibisha.

Mchana huo nilitazama peke yangu. Kitasa cha chumba kile kilipoanza kuzunguka polepole, nilinyoosha mkono kwenye rimoti. Kabla ya hapo sikuwahi kuogopa kumshinda marehemu katika ubishi. Nikazima.

Asubuhi nilirudisha flashi.

"Iliishaje, mzee?"

"Mwanamke alipona," nikamwambia. "Sasa ifute."