Jalada Juu ya Kabati la Mkwe

Wenzake wa masjala walimwita Mama Rudisha. Ukiazima jalada la serikali asubuhi, mchana yuko mlangoni kwako, mikono nyuma, anatabasamu kama mtu aliyekuja kukujulia hali. Hakuwa mkali. Alikuwa anakaa tu. Mkurugenzi mmoja aliwahi kuendesha kikao kizima cha bajeti huku Mama Rudisha ameketi pembeni, na alipomuuliza kama ana hoja, akajibu kwamba hoja yake ni ile ramani iliyowekewa kikombe juu.

Kanuni za kutunza kumbukumbu za serikali zilikuwa kichwani mwake kama nyimbo za utotoni. Hii itunzwe miaka saba, ile ichomwe kwa kibali, hii isiguswe hadi dunia iishe. Nyumbani alijitahidi kujizuia, lakini mumewe, dereva wa lori mstaafu, alikuwa hatupi hata karatasi ya sabuni bila kumuuliza kwanza.

Basi binti yao akapata mchumba, na siku ikapangwa wazazi waonane nyumbani kwa baba wa kijana, mhandisi wa maji aliyestaafu. Njiani mume akasema, "Mke wangu, leo hatuendi kazini. Tunakwenda kwa wakwe."

"Kwani nimesema nini?"

"Hujasema. Ndiyo maana nakuwahi."

Mambo yalianza vizuri. Salamu zikarefushwa, chai ikamiminwa, kila mtu akacheka hata pasipochekesha. Mama Rudisha alikuwa ndiyo kwanza anainua kikombe, macho yakapanda juu ya kabati la vyombo. Pale, ndani ya mfuko wa nailoni, lililala jalada la kaki, limefungwa kwa uzi mwekundu, muhuri wa serikali unaonekana waziwazi. Chai ikampalia.

"Pole, mkwe," mhandisi akasema. "Ni ya moto sana?"

"Si chai, mkwe wangu. Ni... lile kule juu."

Mume akamkanyaga mguu. Binti akainama, akawa kama anasoma zulia.

"Aa, lile!" Mhandisi akachanua. "Michoro ya bomba kuu la mji. Nimeichora mwenyewe, kwa mkono huu."

Mama Rudisha akatua kikombe. Mkwe haambiwi neno gumu, amelelewa hivyo. Lakini na kanuni nazo, alianza kuishi nazo kabla hajaishi na mume.

"Mkono ni wako, mkwe," akasema kwa sauti ya chini kabisa, "ila mshahara ulikuwa wa serikali. Na karatasi. Na wino."

Bwana harusi mtarajiwa akaacha kutafuna, biskuti imebaki shavuni.

Mhandisi akainuka. Wote wakadhani anakwenda kuwafungulia mlango. Kumbe alivuta kiti, akapanda, akalishusha jalada na kulipangusa vumbi kwa kiganja.

"Nikuulize, mkwe. Ofisi ilipohama kutoka jengo la zamani, unajua nililikuta wapi? Nje, kwenye matope, chini ya viti vibovu, mvua inanyesha. Nimezikausha karatasi zake moja moja, kwa pasi ya mke wangu."

"Na pasi ikafa," mkewe akaongeza.

Wakati wa kuhama kule Mama Rudisha alikuwa kwenye likizo ya uzazi, na mtoto mwenyewe ndiye huyu anayesoma zulia. Angeweza kujitetea. Hakujitetea.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyelitunza," akasema, "na sisi ndio tuliolitupa."

"Mimi sijasema hivyo."

"Nasema mimi."

Ungedhani yameishia hapo. Wapi! Alifungua mkoba, akatoa karatasi, akaandika hati ya kupokea jalada, akaomba sahihi ya mhandisi, kisha ya shahidi. Shahidi akawa bwana harusi mtarajiwa, aliyesaini bila kujua kama amepata mke au shtaka. Mazungumzo ya harusi yaliyofuata yalikuwa mafupi ajabu. Hakuna aliyebaki na nguvu za kubishana.

Tatizo likazuka masjala: mwandiko wa mhandisi haukusomeka. Walijaribu wote, hata daktari wa zahanati ya jirani aliitwa, akashindwa. Ikabidi mwenyewe aitwe. Mama Rudisha alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye meza ya dirishani, kisha akanyoosha kidole kwenye tangazo la ukutani: mikoba na kalamu za wino zinaachwa mlangoni.

"Hata mimi, mkwe?"

"Wewe hasa, mkwe."

Akaiacha kalamu, akapewa penseli. Akarudi wiki iliyofuata, na nyingine, akinung'unika juu ya penseli na kuandika maelezo pembeni ya michoro yake. Akichoka humsimulia Mama Rudisha jinsi walivyochimba mtaro chini ya soko, wachuuzi wakiwarushia maganda, naye husikiliza mpaka simu ya masjala inalia weee bila kupokelewa. Siku asipofika, Mama Rudisha huenda dirishani mara kwa mara. Ukimuuliza, atakuambia anaangalia kama lango limefungwa.